Kipa, na lile shimo la majani mabichi

Wakati kambi ya Bulengo ilikuwa ingali ipo, siku moja nilikwenda kule kutengeneza habari ya maji. Nilifika mapema, saa kumi na mbili kasoro, kwa sababu foleni ya bidoni ilianza kabla jua halijatoka na nilitaka kunasa sauti za watu wakingoja zamu. Nilikuwa bado ninatafuta mahali pa kuweka kinasa sauti nilipomwona mtoto wa miaka minane hivi, mwenye sweta nyekundu, akishuka mbio kwenye kishimo kilicho nyuma ya vibanda. Mbuzi wao alikuwa amelala kule chini. Mtoto alikuwa anaenda kumwamsha.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Watu wa foleni waliinama, wengine wakalala chini kabisa, maana siku zile mtu akipiga kelele namna ile asubuhi kila mmoja alijua ni nini hufuata. Mtoto aliogopa, akasimama nusu ya mteremko, kisha akarudi juu akilia. Mama yake alitoka kibandani akifunga kitenge.

“Papa, kuko nini? Mutoto yangu alifanya nini?”

Nikamwonyesha mbuzi. Mbuzi hakuwa amelala. Alikuwa amekufa, na karibu naye kulikuwa na ndege wawili wadogo, nao wamekufa, na hakuna damu popote. Mama yule aliangalia kwa muda, kisha akageuza macho kwenye kibanda cha tatu kutoka chake. Akasema polepole: “Ni yule.” Siku mbili kabla walikuwa wamegombana na jirani juu ya zamu ya maji. Watu wanne watano walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mmoja wao alikuwa amekwisha kutamka neno karuho.

Hapo ndipo nilianza kuwasimulia habari ya rafiki yangu. Niliisimulia vibaya, haraka haraka, nikiwa nimesimama. Yule mama alikimbia kutoka Masisi na alikuwa na miezi minne pale Bulengo. Aliniambia: “Hiyo neno uiseme ku redio. Wengi hatuijue.” Tutaisema. Lakini nimeona niiandike pia, na niiandike yote, pamoja na ile sehemu ambayo sikuwaambia.

Jina la rafiki yangu sitaliandika. Nilimwomba mama yake ruhusa, akanijibu: mambo andika, jina liache. Sisi vijana tulimwita Kipa, kwa kuwa hakukubali kucheza mahali pengine ila golini. Alikuwa na miaka 15, kama mimi. Alikuwa na kigugumizi kidogo kilichopotea kabisa akiwa golini. Pale alikuwa anatupa amri kama komanda. Uwanja wetu ulikuwa mawe ya volkano yaliyovunjwavunjwa, na mpira wetu ulikuwa wa masashe yaliyofungwa kwa kamba. Mtu mwenye akili harukii mpira juu ya mawe yale. Yeye aliruka. Magoti yake hayakupata kupona tangu nimjue, na mama yake alikuwa anasema suruali zake zinakufa kabla ya kulipwa.

Tulikuwa watoto wa katikati ya mji. Siku ya Alhamisi 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka, moto ulipita kwenye avenyu yetu ukashuka mpaka ziwani. Nyumba yao na nyumba yetu ziliungua saa ileile. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi pamoja na mji wote, tukalala nje, na siku chache baadaye tukarudi huku mawe bado yanatoa moshi, maana mtu hawezi kukaa kwa wengine bila kujua nyumbani kumebaki nini. Kwetu hakukubaki kitu. Baadaye baba alipata kipande cha kiwanja upande wa magharibi, kwenye barabara ya Sake, na baba yake Kipa akapata kingine pembeni. Tulijenga kwa mbao na mabati. Nataka mukumbuke jambo hili mukiendelea kusoma: tulikuwa wageni kule. Hatukujua udongo wake. Wenyeji walijua, lakini sisi watu wa mji tuliwaona kama watu wa shamba, na hatukuwauliza kitu.

Maji tuliyachota ziwani. Kila asubuhi, saa kumi na moja, Kipa alikuja nyuma ya ukuta wa mbao nilipolala, akapiga mluzi mara mbili. Nikatoka na bidoni yangu, tukaenda. Bidoni ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Baada ya hapo alichukua chukudu ya mjomba wake, akapandisha maji ya kuuza, kabla ya kwenda shuleni. Barabara ya kawaida ya kwenda ziwani ilizunguka. Tulikuwa tumegundua njia ya mkato iliyopita pembeni ya shimo moja pana, lenye kina cha urefu wa watu wawili hivi. Tuliliita shimo la majani mabichi, kwa kuwa hata kiangazi majani yake hayakukauka. Mara nyingi tulipita juu, kwenye ukingo. Mara moja moja, jua likiwa limepanda, tulikatisha ndani, na hatukuona kitu. Hiyo ndiyo hatari yake: mahali palepale panakuacha upite mara kumi.

Siku moja ya mvua, mwaka 2003, jioni, tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi pembeni ya barabara. Naye alikuwa ameunguliwa kama sisi. Alikuwa peke yake na watoto watatu, na alikuwa anatukopesha. Tulikula mandazi manne, mawili mawili, tukamwambia tutalipa kesho. Mvua ilinyesha usiku karibu wote. Alfajiri ikakatika, kukawa baridi na kimya, hakuna hata upepo wa kutikisa jani.

Nilisikia mluzi. Mara mbili. Nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Nilisikia mara mbili tena. Nikanyamaza, nikafanya kama mtu aliyelala.

Saa moja hivi wanawake waliokuwa wanatoka ziwani walimwona chini ya lile shimo. Nilipofika watu walikuwa wamekwisha kujaa kwenye ukingo. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, bidoni iko pembeni imejaa. Kwa hiyo alikuwa anarudi. Nafikiri alikatisha ndani kwa sababu bidoni ni nzito na ukingo ulikuwa unateleza kwa mvua. Kijana mmoja mwenye nguvu alishuka kumchukua. Alipoinama amshike mabega, magoti yake yalilegea, akarudi juu kwa mikono na miguu, akatapika. Mwingine alitaka kushuka. Ndipo mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa anafuga mbuzi kule juu, alifika akipiga kelele: “Musishuke! Musishuke!”

Alichukua mti mrefu, akafunga majani makavu kwenye ncha, akayawasha. Moto uliwaka vizuri. Akateremsha mti polepole ndani ya shimo. Ulipofika karibu na kimo cha kiuno cha mtu aliyesimama kule chini, moto ulizimika, mara moja, kama umechovywa ndani ya maji. Akauwasha tena, akateremsha tena, ukazimika mahali palepale.

“Mazuku,” alisema.

Nililiona lile jambo kwa macho yangu mawili. Na kila mtu aliyesimama pale aliliona. Rafiki yangu alivutwa kwa kamba baadaye, jua lilipokuwa kali.

Sasa niwaeleze mazuku ni nini, kwa sababu sitaki mtu afike mwisho wa habari hii akilia tu. Ni hewa inayotoka chini ya ardhi, kwenye nyufa za mawe ya volkano. Wataalamu wanaiita gazi kaboniki. Ni hewa ileile tunayoitoa tukipumua, lakini pale inatoka nyingi sana. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kujaa kwenye mashimo na mabonde kama maji yanavyojaa. Usiku na alfajiri, kukiwa baridi na bila upepo, inakusanyika. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inaweza kupungua, na ndiyo sababu mtu anasema: hapa nilipita jana mchana, hakuna kitu. Upande huu wa Goma, kutoka Keshero na Mugunga mpaka Sake, pembezoni mwa ziwa, iko mahali pengi. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu yake, wakati mtoto anayemshika mkono yuko ndani yake. Kwa hiyo watoto na mbuzi hutangulia kufa. Mutu akianguka ndani, asifuatwe. Najua ni neno gumu kwa mzazi, lakini anayemfuata anaanguka juu yake. Kamba, mti mrefu wenye ndoano, kelele za kuita watu, hivyo ndivyo vya kutumia. Na kibanda kisijengwe ndani ya shimo hata kama kuna kinga ya upepo. Hasa kama kuna kinga ya upepo. Mukiona ndege, mijusi au wadudu wamekufa mahali pamoja bila sababu, tafadhali musitafute mchawi. Mahali pengine palikuwa na kibao cha kuonya, na kibao kikawa kuni. Siwalaumu, kuni hakuna. Lakini basi tuambizane kwa mdomo.

Narudi kwa Kipa, na sehemu ambayo sikusema Bulengo.

Maiti ililala kwao siku moja. Hakukuwa na daktari wa kuipima. Neno la yule mzee halikuingia kwenye masikio ya watu. Wengi wetu tulidhani mazuku ni shetani fulani wa wenyeji. Kijana wa miaka 15 haanguki tu akafa, walisema. Usiku wa matanga, kwenye moto, mjomba wake aliniita mbele ya watu wazima. Akaniuliza, kwa sauti nzuri, bila hasira: “Wewe ndiwe ulikuwa naye. Jana mangaribi alikula nini?”

Nilikuwa na hofu ya swali jingine. Nilidhani ataniuliza: mbona asubuhi hukwenda naye? Swali lile la chakula lilikuwa kama mlango umefunguka. Nikajibu: “Alikula mandazi kwa yule mama.”

Ilikuwa kweli. Lakini sikusema kwamba mimi pia nilikula.

Hakuna aliyeniuliza. Neno moja lile lingetosha: na mimi nilikula, manne katika sahani moja, na mimi ni muzima. Nilikuwa nalo mdomoni. Nilimwona mama yake Kipa akiinua kichwa alipolisikia jina la yule mama, na nikaona uso wake umepata mahali pa kushika, na nikanyamaza. Kesho yake watu hawakununua mandazi. Siku ya tatu mawe yalipiga mabati yake usiku. Alikuja kwenye matanga kujitetea, wakamrudisha njiani. Kabla juma halijaisha alihama usiku, na watoto wale watatu na sufuria ya mafuta kichwani. Aliyeunguliwa na volkano mara moja, sisi tulimfukuza mara ya pili. Nyumba yake ya mbao ilivunjwa, mbao zikaibiwa. Mbili zilikuwa kwenye ukuta wa choo chetu.

Nilikua. Nilimaliza shule, nikaingia kwenye redio. Mwaka 2014 mtaalamu mmoja wa OVG, wale wanaochunguza volkano hapa Goma, alikuja kuzungumza na sisi waandishi. Alieleza mambo ya mitetemeko, ya ziwa, na mwisho akaeleza mazuku. Niliacha kuandika. Alipomaliza nilimfuata nje, nikamweleza juu ya moto uliozimika. Alisema yule mzee alipima vizuri, lakini sisi tusijaribu, maana anayepima kwa moto lazima akaribie. Nikamwuliza: kama ningekwenda naye asubuhi ile? Hakufikiri sana. “Mungekufa wawili,” akajibu. Alitaka kunifariji. Mimi nilikuwa ninafikiria mandazi.

Kumtafuta yule mama kulinichukua karibu mwaka. Nilimpata upande wa Birere, anauza makala, vifungu vidogo vidogo juu ya gunia. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Hakunijua mpaka nilipotaja avenyu yetu. Nilianza maneno marefu niliyokuwa nimetayarisha, kuhusu hewa, wataalamu, udongo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mteja anayepunguza bei. Mwishoni nikasema lile lililonipeleka: “Mama, mimi pia nilikula.”

“Ninajua,” akasema. “Ni mimi niliwapa. Mulikula manne, na hakuna mwenye alilipa.”

Nikatoa noti. Aliiangalia, akaipokea, kisha akafungua sashe akaanza kunipimia makala. Nilimwambia sitaki makala. Akaendelea kupima mpaka yalipotosha pesa ile, akafunga, akanipa. Ndipo akaniuliza: “Na mama yake, ulimwambia?”

Nilikuwa sijamwambia.

Ilikuwa safari fupi, moto moja tu mpaka kule kwetu kwa zamani, lakini nilichukua wiki tatu kuifanya. Mama yake Kipa alinikaribisha kama mtoto wake, kama siku zote. Tangu 2003, kila akiniona, alikuwa ananipimia mwilini umri ambao mwanawe angekuwa nao. Alikuwa amepika bugali na sambaza. Sikuweza kula kabla ya kusema. Nilimweleza yote: mluzi, blanketi, mandazi, moto wa mzee, yule mama na makala yake. Hakulia. Hakunifukuza. Alikaa muda mrefu akisafisha mezani mahali palipokuwa safi.

Kisha akauliza: “Aliumia?”

Nilimweleza alichosema mtaalamu: hewa ile ikizidi sehemu 10 kwa 100, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache, ikifika 30, ni pumzi chache tu, anaanguka bila kujua.

“Pumzi ngapi?”

Nilisema sijui, mama, mbili, tatu. Akavuta pumzi mbili, tatu, pale mezani, kama anayezihesabu. Halafu akasema nile, chakula kinapoa. Kama alikwenda Birere baadaye, ni siri yake na yule mama. Sikuuliza, na mara moja tu, miezi mingi mbele, niliona kwenye jiko lake gunia la makala kubwa kuliko mtu anayeishi peke yake anavyohitaji.

Pale Bulengo, wakati niko ninasimulia, shefu wa bloku alikuja, na vijana wawili wenye vesti za Msalaba Mwekundu. Mama wa mtoto aliniuliza kama nyama ya mbuzi inaweza kuliwa. Nilimwambia hilo awaulize wao, mimi ni mtu wa redio. Yule jirani wa kibanda cha tatu alikuwa ametoka naye, amesimama mbali na watu, mikono imefungwa, anajua vizuri kwa nini wanamwangalia. Nikamwuliza mama wa mtoto, mbele ya wote, mbuzi alifungwa wapi usiku. Akaonyesha kigingi kwenye ukingo wa shimo. Kamba ilikuwa imekatika. Nyayo za mbuzi zilishuka peke yake kwenye udongo uliolowa mvua, mpaka pale alipolala, na hakukuwa na nyayo za mtu.

Walingoja mpaka saa saba mchana, jua limekuwa kali na upepo wa ziwa umeanza. Walifunga ndoano kwenye mti mrefu. Hakuna aliyeshuka. Mti ulikuwa mzito kwa vijana wale wawili, wakaomba mtu wa tatu, na watu walipokuwa bado wanaangaliana, yule jirani alikuja akashika.